Mnara wa Brugge ulivyonisaidia kumjua fundi asiye na jina

Tulipewa kazi darasani hapa Ubelgiji: kila mmoja achague mchoraji wa karne ya 15 na amweleze kwa dakika 20. Wenzangu walishawahi kuwachukua Jan van Eyck na Hans Memling. Mimi nikabaki na Fundi wa Hadithi ya Mtakatifu Lusia.

Wiki mbili za kwanza nilizipoteza bure. Nilimtafuta kama anavyotafutwa mtu: kazaliwa wapi, kamwoa nani, kafa lini. Sikupata kitu. Jina hilo alipewa na wanahistoria wa sanaa zaidi ya miaka 400 baadaye, kutokana na picha ya madhabahuni ya mwaka 1480 iliyomo katika kanisa la Mtakatifu Yakobo, katika mji wa Brugge hapa Ubelgiji. Enzi zile wengi hawakutia saini. Kazi ilitoka karakanani, mkono wa fundi umechanganyika na wa wanagenzi wake, na mteja alijua amemlipa nani. Yatosha.

Nikapanda treni. Kanisani nilisimama mbele ya ile picha hadi miguu ikauma. Ina matukio matatu: Lusia anagawa mali yake kwa maskini, Lusia yuko mbele ya hakimu, kisha lile lililonishika: wamemfunga kamba, maksai wanavuta kwa nguvu zote, naye hasogei. Uso wake umetulia kabisa. Nilijikuta nikimpenda aliyeuchora uso ule.

Nilipotoka nikauona mnara wa sokoni, Belfort, nikakumbuka jambo nililolisoma juu juu tu: fundi huyu alizoea kuuchora mnara huo kwa mbali, nyuma ya watakatifu wake. Nikapanda ngazi zote 366 nikihema. Orofa ya juu, yenye pembe nane, iliongezwa kati ya 1483 na 1487. Mwaka 1493 radi ikateketeza kilele chake cha mbao. Basi mnara ule ni kalenda! Picha yenye orofa ya pembe nane haiwezi kuwa imechorwa kabla haijaanza kujengwa.

Nyumbani nilichapa picha zote anazohusishwa nazo nilizoweza kupata, ikiwemo ile ya Bikira Maria kati ya mabikira iliyoko Brussels, nikakata minara kwa mkasi na kuipanga mezani kwa umri. Hapa nilijifunza kuwa mwangalifu: mnara wa zamani hauthibitishi kuwa picha ni ya zamani, maana karakana iliweza kunakili mchoro wa miaka iliyopita. Mnara mpya ndio ushahidi wenye nguvu. Baada ya hapo nikaficha minara na kutazama mambo mengine tu: nyuso ndefu za mviringo, kope nzito, nguo za thamani zenye maua ya kufumwa, majani yaliyochorwa moja moja kwa subira. Siku ya tatu nilianza kumtambua kabla ya kusoma maelezo.

Darasani sikusema lolote kuhusu kuzaliwa kwake. Niliweka vipande vyangu vya minara ubaoni nikaanzia hapo, na dakika 20 zikaisha nikiwa bado kwenye kope.

Sasa vipande vimerudi mezani. Nimeanza na jirani yake wa Brugge, Fundi wa Hadithi ya Mtakatifu Ursula, ambaye naye aliuchora mnara uleule.