Namna ninavyoipima ndege ndogo ya nyongeza kabla ya kuiamini

Ushauri ulionichosha kuliko wote ni ule wa "nunua yenye chumba cha rubani kizuri." Kila nilipouliza kuhusu ndege ndogo za nyongeza za simuleta (ndege za kompyuta zinazoongezwa kwenye programu ya kuigiza urubani), watu walinitumia picha: mikwaruzo ya dashibodi, vumbi kwenye vioo vya saa, mshono wa kiti. Mimi nauliza injini inawakaje ikiwa bado ya moto, mtu ananionyesha mshono wa kiti! Mwishowe niliufuata ushauri huo, nikatoa hela si haba, nikapata ndege inayopendeza kweli ikiwa imeegeshwa. Kwenye njia ya kurukia nilisukuma nguvu zote mbele, nikaondoa miguu kwenye pedali, na pua haikuyumba hata chembe. Ilikwenda kama treni juu ya reli mpaka ikapaa.

Ndege halisi ya propela moja haifanyi hivyo. Katika ndege nyingi za aina hii propela inazunguka kwa mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka kiti cha rubani. Upepo inaousukuma nyuma unajisokota kuzunguka mwili wa ndege na kuupiga mkia upande wa kushoto, kwa hiyo pua inavutwa kushoto. Ukiinua pua kupanda, panga linaloshuka upande wa kulia nalo linauma hewa zaidi ya lile linalopanda, na mvuto unazidi. Ndiyo maana walimu wa urubani hawachoki kupiga kelele "mguu wa kulia, mguu wa kulia!" Ndege ya nyongeza isiyokulazimisha kutumia mguu wa kulia haijakufundisha kitu.

Tangu hapo nina utaratibu wangu, na nauonea fahari, maana umeniepusha na hasara nyingi. Naanza na ndege iliyokuja bure na simuleta yenyewe. Simuleta za Microsoft Flight Simulator na X-Plane zote zinakuja na Cessna 172, na hakuna kipimo bora kuliko hiyo. Ndege hii iliruka mara ya kwanza mwaka 1955, zimeundwa zaidi ya 44,000, na takwimu za kitabu chake cha rubani zinajulikana. Nachukua toleo la 172S. Kitabu kinasema ikiwa na uzito kamili wa pauni 2,550, usawa wa bahari, inapanda futi 730 kwa dakika. Inakimbia ardhini futi 960 kabla ya kuinuka. Na kwenye futi 8,500, kwa asilimia 75 ya nguvu, inakwenda nodi 124. Hizo ndizo namba za kuitia ndege kwenye mizani.

Hali ya hewa naiweka mwenyewe: nyuzi 15, kanieneo la hewa hektopaskali 1013, upepo hakuna. Ukipima katika hali ya hewa ya moja kwa moja kutoka intaneti hujapima chochote, kwa sababu hujui ni ndege iliyozembea au ni joto la siku hiyo. Kisha napanda kwa nodi 74, nguvu zote, na siiangalii ile saa ya kasi ya kupanda. Saa hiyo inachelewa na inachezacheza. Nashika saa ya simu, naibonyeza altimita (saa ya kimo) ikipita futi 500, naibonyeza tena ikipita 1,500. Ndege ya kweli itachukua karibu dakika moja na nusu, pengine pungufu kidogo. Kuna moja niliyoipima ikapanda kana kwamba imefungwa injini nyingine kwa siri, na ilikuwa imesifiwa sana kwa uzuri wa rangi zake.

Ndege zisizo na undani zinaumbuka zaidi Leadville, jimbo la Colorado, Marekani. Uwanja wa ndege wa pale uko futi 9,934 juu ya usawa wa bahari, wa juu kuliko viwanja vyote vya umma nchini humo. Weka joto nyuzi 25. Hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inajiona iko karibu futi 13,500, na 172S mwisho wake wa kupanda ni futi 14,000. Maana yake inaondoka ardhini kwa shida na ikishaondoka haina nguvu ya kujitapa nayo. Sasa washa injini na uache wenzo wa mchanganyiko (unaopima mafuta yanayochanganyika na hewa) umesukumwa mbele kabisa, kama unavyoachwa pwani. Injini inatakiwa ingurume vibaya, itetemeke, mizunguko yake ipungue, kwa sababu mafuta ni mengi kuliko hewa. Vuta wenzo nyuma taratibu nguvu zote zikiwa mbele: mizunguko inapanda, inafika kilele, halafu inaanza kushuka. Rudisha kidogo hadi kwenye kilele, hapo ndipo unaporukia. Ndege ya nyongeza ambayo wenzo huo ukiugusa hakuna kinachobadilika, mimi naifuta kwenye kompyuta siku hiyohiyo.

Nisimulie sasa kuhusu injini ya moto, maana hapa ndipo nilipoipenda kazi hii. Nina ndege moja ya nyongeza yenye injini ya kudunga mafuta, isiyo na kabureta. Nilitua vizuri, nikazima, nikaiacha imeegeshwa juani huku simuleta ikiendelea kwenda, nikaenda kufanya shughuli zangu. Niliporudi nikafuata hatua za kawaida: mchanganyiko mbele, pampu ya umeme iwake mpaka mafuta yaonekane yanapita, mchanganyiko nyuma, ufunguo. Propela ikazunguka, injini ikakohoa mara moja, kimya. Nikarudia kwa pampu ya muda mrefu zaidi, ikawa mbaya zaidi, hata kikohozi hakuna. Betri ikaanza kuchoka, propela ikawa inajivuta panga kwa panga.

Niliwauliza wenye uzoefu. Jibu likaja haraka: "Ni hitilafu ya programu, bonyeza Ctrl na E itawaka yenyewe." Jibu hilo linaniudhi mpaka leo. Haikuwa hitilafu! Mabomba membamba ya mafuta kwenye injini ya namna hiyo yanapita juu ya silinda. Ukizima, upepo wa kupoza unakoma, joto linapanda juu, mafuta ndani ya mabomba yanageuka mvuke. Kisha mimi nikaongeza pampu juu ya pampu mpaka injini ikafurika. Waliounda ndege ile walikuwa wameyaweka yote hayo ndani, na watu wanashauri yarukwe kwa vitufe viwili.

Nikafungua kitabu cha ndege halisi, sehemu ya injini iliyofurika. Pampu izimwe. Mchanganyiko nyuma kabisa, mafuta yasiingie tena. Wenzo wa nguvu mbele kabisa, hewa iingie kwa wingi. Zungusha. Panga likapita, likapita, injini ikapiga chafya, ikapiga tena, halafu ikashika kwa mngurumo, na hapo mikono miwili inafanya kazi pamoja: mchanganyiko mbele, nguvu nyuma, kabla haijakimbia kupita kiasi. Jicho moja kwenye saa ya kanieneo la oili. Sindano ikainuka. Niliruka kwenye kiti kwa furaha, na hiyo ni ndege ambayo haijatoka hata kwenye maegesho.

Kwa undani wa namna hii, A2A Simulations, waunda ndege za nyongeza, wanastahili heshima yao. Comanche 250 yao ya Microsoft Flight Simulator inakumbuka ulivyoitendea jana. Ukiikamia injini leo, kesho utaikuta imechoka. Kabla ya kuruka unazunguka nje, unaangalia oili, unachukua sampuli ya mafuta kuona kama yana maji. Anayetaka kitu cha kutulia zaidi achukue Piper PA-28R Arrow III ya waundaji wengine, Just Flight. Lakini ujue kwamba kwenye familia hiyo ya Piper, swichi ya matangi ina kushoto na kulia tu, hakuna "yote mawili" kama kwenye Cessna. Mimi nabadilisha tangi kila nusu saa, kwa saa ya simu ileile. Upande wa X-Plane, hesabu yake ya kugawa mabawa na propela vipandevipande na kutafuta nguvu ya kila kipande inazipa hata ndege za kawaida tabia nzuri zikikaribia stoli, yaani pale mabawa yanapopoteza uwezo wa kuibeba ndege.

Stoli nayo ipime. Kwenye 172S king'ora kinatakiwa kulia nodi 5 hadi 10 kabla ya stoli, kisha mtetemo, kisha pua inashuka. Pima pia kuteleza kwa ubavu: usukani upande mmoja, pedali upande mwingine, nguvu zimeondolewa. Ndege ishuke kwa haraka bila kuongeza kasi. Nyingi zinashindwa hapa, pua inageuka tu na mwendo wa kushuka uko palepale.

Kuhusu jostiki, usikimbilie kununua ya bei kubwa. Zima usaidizi wa pedali wa kompyuta kwanza, hata kama unazungusha jostiki badala ya pedali. Trimu (gurudumu la kuondoa uzito mkononi ili pua ikae yenyewe) usiichezee jostiki ikiwa imeachiwa: shikilia pua pale unapoitaka, zungusha trimu, na uachie mkono kidogokidogo kadiri springi inavyorudi katikati. Na inua kiti ndani ya simuleta mpaka uone upeo wa macho juu ya dashibodi. Watu wengi wanaogonga ardhi wakitua wanalaumu ndege, kumbe wamekaa chini mno hawaoni njia.

Jaribio la barafu kwenye kabureta nalifanya kwa Cessna 172N au Piper Cherokee, siku ya unyevu mwingi, nguvu zikiwa chini. Mizunguko inatakiwa ishuke polepole bila sababu. Ukivuta wenzo wa joto la kabureta, unaoingiza hewa ya moto, inashuka zaidi, halafu inapanda. Usiitafute barafu hiyo kwenye 172S kwa sababu haina kabureta. Na unapotafuta kitabu cha kulinganishia, hakikisha ni cha toleo lilelile uliloliweka kwenye kompyuta. Injini ya 172N ina nguvu za farasi 160 na ya 172S ina 180, kwa hiyo ukichanganya vitabu utaihukumu ndege nzuri bure.