Sukari ya alfajiri

Nina kisukari, na wiki nzima nimeamka na sukari ya damu iko juu, 12 mmol/L, ilhali nalala na 7 na usiku sili kitu. Nilihofia inashuka nikiwa usingizini, kisha inaruka. Nikaweka kengele, nikapima saa tisa usiku: 7.2. Saa kumi na moja: 9.8. Kumbe ni homoni za alfajiri, zinazolisukuma ini kumwaga sukari. (Wali wa jioni nimeusingizia bure!)

Kwa ushauri wa nesi wangu hapa Leicester, nimepandisha insulini ya msingi (ile inayoingia kidogo kidogo muda wote) kwenye pampu kutoka uniti 0.80 hadi 0.90 kwa saa, kuanzia saa nane usiku, maana dawa huchelewa kufanya kazi. Sikugusa kingine chochote.

Leo, siku ya tatu: 6.4. Nimempigia mama Tanga kabla hata ya chai.