Kwanza Ndege Itue

Kwenye tamasha letu la ndege za rimoti, ndege ya mzee yule ilipovuka mara ya kwanza mstari wa usalama, ule ambao ndege haziruhusiwi kuupita kuelekea kwa watu, nilidhani ni upepo. Ulikuwa ukivuma ubavuni kuelekea kwa watazamaji, na kila rubani asubuhi ile alikuwa akipambana nao kwenye kona. Mara ya pili ilipita juu ya eneo la maandalizi, ambako watu walikuwa wameinama wakifunga mabawa na kukaza skrubu. Papo hapo nikasikia mtu anafoka nyuma yangu: "Mshusheni huyo mzee kabla hajaua mtu!"

Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mstari. Aliyefoka alikuwa rubani kijana, hodari kwelikweli, na kuhusu hatari alisema kweli tupu. Ndege ile ya rimoti ilikuwa na uzito wa kilo 12, mabawa ya karibu mita 3 na injini ya petroli. Ikienda kilomita 90 kwa saa, inagonga kwa nguvu ile ile ambayo ingegonga nayo ardhi kama ingeachiliwa kutoka ghorofa ya kumi, tena propela ikiwa mbele. Lakini kijana alikuwa anakuja mbio kumkabili mtu ambaye vidole vyake viko juu ya vifimbo vya rimoti. Mzee aligeuza kichwa kumtazama. Kwa mwendo ule, kila sekunde 2 ndege hukata mita 50, na kwa muda ule hakuna aliyekuwa anaiongoza.

Nikanyoosha mkono kumzuia kijana. "Ngoja itue, nitakusikiliza yote." Kisha nikasogea nikasimama bega kwa bega na mzee, macho yangu yakiwa angani kama yake, nikasema kwa sauti ya chini, "Mzee, niko hapa nakuangalizia. Upepo unatusukuma huku. Tuipeleke mbali kidogo, halafu tutue." Mambo ya mstari sikuyataja, wala zile kelele. Akaitikia, "Haya," akaivuta ndege kwenda upande wa pili wa uwanja. Nikawapazia sauti marubani wengine wampishe, naye akaishusha vizuri.

Mimi nashikilia kwamba agizo la kutua lisibebe lawama hata chembe. Asubuhi, kwenye kikao cha marubani, tulikuwa tumekubaliana kwamba msimamizi akisema tua, unatua. Mwenye pingamizi analileta akiwa chini na injini imezimwa. Kwa hiyo mzee hakuwa anamtii mtu mdogo kwake. Alikuwa anatimiza neno lake mwenyewe.

Nilimkabidhi mwenzangu mstari, nikawachukua wote wawili kando, mbali na masikio ya watazamaji. Mzee alikuwa anatetemeka kwa hasira. "Nilikuwa narusha ndege huyu hajazaliwa!" Kijana naye alitaka mzee azuiwe kuruka siku nzima. Hapo swali la kwanza ni zito kuliko watu wanavyofikiri. Ningemuuliza mzee kwa nini amevuka mstari, angejibu upepo, na tungeishia hapo. Nikamuuliza, "Mzee, kwenye ile kona ndege ilikuitikiaje?"

Alinyamaza. Kisha akasema taratibu, "Ilichelewa kunisikia. Kama mara mbili hivi." Hivi karibuni alikuwa amebadilisha risiva, kile kifaa cha ndani ya ndege kinachopokea amri za rimoti.

Nikamuuliza zamani walikuwa wakihakikishaje kwamba ndege inamsikia mwenyewe, kabla ya rimoti hizi za sasa za mawimbi ya 2.4 GHz. Uso wake ukafunguka. Akatueleza habari za ubao wa vibanio: kila masafa, yaani mkondo wa mawimbi ya rimoti, yalikuwa na kibanio chake, na asiyekuwa nacho mkononi hathubutu kuwasha rimoti, kwa sababu rimoti mbili kwenye masafa mamoja ni ndege chini. "Hatukuwa na mchezo na hilo," alisema, na kijana alikuwa anasikiliza. Nikasema basi na hii tuikague kwa ukali ule ule. Mzee mwenyewe ndiye aliyetangulia kwenda kwenye ndege.

Nilimwomba kijana ashike mkia. Mzee akawasha injini, akaipandisha kidogo juu ya mwendo wa chini kabisa, akazima rimoti. Injini ilipaswa kushuka au kuzima, maana ndiyo kazi ya mpangilio wa dharura pale mawimbi yanapokatika. Haikushuka. Iliendelea kunguruma vile vile mpaka mzee akaizima kwa swichi ya pembeni. Risiva mpya ilikuwa haijapangwa.

Kijana hakusema neno la kumsuta, na kwa hilo nilimheshimu sana. Alifungua kifuniko, akachungulia ndani, akaonyesha kwa kidole: antena imelala sambamba na bomba la kaboni, na kaboni huziba mawimbi yale. Wakazihamisha antena zote mbili, zikakaa kwa pembe ya mraba. Wakapanga risiva upya, wakazima rimoti tena, na safari hii injini ilishuka. Wakamaliza kwa kupima umbali wa mawimbi rimoti ikiwa imepunguzwa nguvu.

Mchana upepo uligeuka. Mzee aliruka tena, kijana akiwa kando yake akimtajia umbali wa mstari kila kona.

Jioni kijana alinijia, bado anashikilia kwamba mzee alistahili kuzuiwa siku nzima. Nilimjibu kwamba ukaguzi ungeshindikana ningemzuia mwenyewe bila kusita, lakini ndege ikishapona, kumzuia mwenye ndege ni kumwadhibu tu. Nikamwambia pia kwamba siku nyingine akiona hatari aje kwangu, asimwendee rubani ambaye ndege yake iko hewani. Hilo la mwisho alilikubali. La adhabu tulibishana hadi giza likaingia. Tulichoafikiana ni kwamba kwenye tamasha linalofuata, hakuna ndege itakayopaa kabla mwenyewe hajazima rimoti mbele ya mkaguzi.