Kwa nini marumaru ilishindwa na ndimu jikoni kwetu

Tulipoamua mwaka jana kulikarabati jiko la nyumba yetu ya Tabata, nilidhani kazi ngumu ingekuwa kupanga makabati na kuhamisha bomba la maji, kumbe jambo lililoninyima usingizi kwa karibu miezi miwili lilikuwa uso wa kaunta. Hapo ndipo mikono yangu na ya mama hupita kutwa nzima, ndipo samaki hukatwa, nazi hukamuliwa na unga hukandwa, na ukikosea kuchagua utaishi na kosa lako miaka mingi, kwa kuwa kaunta haibadilishwi kama pazia.

Kaunta yetu ya zamani ilikuwa ya zege lililobandikwa vigae vyeupe. Vigae vyenyewe havikuwa na ubaya, maana havikuungua wala kukwaruzika kirahisi. Taabu ilikuwa kwenye mifereji iliyo katikati yake. Saruji ile nyeupe ilinyonya bizari na mafuta ya kupikia, ikageuka njano, halafu kahawia, na mwisho nyeusi, na hakuna Jumamosi ambayo sikuinama na mswaki mkuukuu kuisugua. Pembeni mwa sinki palikuwa na kipande cha ubao wa unga wa mbao kilichofunikwa fomika, lile bamba jembamba gumu la kubandika juu ya mbao. Fomika imekuwapo tangu 1912, ilipobuniwa Marekani kama mbadala wa maika, madini yasiyopitisha umeme, katika vifaa vya umeme, na kwa bei yake bado naiheshimu. Lakini haiwezi kuwa imara kuliko kilicho chini yake, na maji yakishapenya ukingoni ule ubao huvimba kama mkate uliolowa. Chetu kilivimba katika msimu mmoja wa mvua.

Basi nikaelekeza macho kwenye mawe. Nilizaliwa na kukulia Mwanza, ambako watoto hujifunza kutembea juu ya miamba ya graniti, ambako nguo zilianikwa juu ya mawe na mawe yale hayakubadilika kwa jua wala kwa mvua, kwa hiyo moyo wangu ulikuwa na upendeleo tangu mwanzo na sioni sababu ya kuuficha. Hata hivyo, nilipoingia katika duka la kwanza la mawe nilisimama kwa muda mrefu mbele ya bamba la marumaru nyeupe lenye mishipa ya kijivu. (Nasema marumaru kwa maana ya jiwe lenyewe, si vigae vya sakafuni ambavyo siku hizi navyo huitwa marumaru.) Lilikuwa zuri mno, na kama uzuri pekee ungetosha, ningelilipia siku ile ile.

Mama ndiye aliyenizuia. Aliniambia, "Mwanangu, usinunue jiwe dukani, linunue jikoni. Omba vipande uje navyo." Nikaomba vipande vinne vya ukubwa wa kiganja: marumaru nyeupe, graniti ya kijivu, jiwe la kutengenezwa kiwandani ambalo huuzwa kwa jina la kwatzi, na jiwe jeusi lililokuwa na bei ndogo kuliko yote, ambalo muuzaji aliliita graniti nyeusi.

Usiku ule tulikata ndimu mbili, tukalaza nusu moja juu ya kila kipande, uso uliokatwa ukiwa chini, na kando yake tukapaka bizari iliyokorogwa kwa mafuta. Asubuhi nilipoinua ndimu kwenye marumaru nikakuta duara lililofifia kabisa, mng'ao umekwisha, na nilipopitisha ukucha nilihisi ukakasi kama wa chaki. Halikuwa doa la kufutwa; jiwe lenyewe lilikuwa limeliwa. Sababu ni kwamba marumaru ni jiwe la chokaa lililobadilishwa na joto na mgandamizo wa ardhi, na chokaa na tindikali havikai pamoja. Nyumba inayopika kwa ndimu, siki na ukwaju kila siku ingeimaliza marumaru kwa mwaka mmoja. Tena ni laini: katika kipimo cha ugumu wa madini kinachofika 10, marumaru iko karibu na 3, ilhali graniti huwa kati ya 6 na 7, na kisu cha kawaida cha chuma kiko katikati ya mawe hayo mawili. Kisu kitaichana marumaru, lakini kwenye graniti ni kisu kitakachokuwa butu.

Lile jiwe jeusi la bei ndogo ndimu haikulifanya lolote, nikaanza kulifurahia, mpaka nilipolifuta kwa pamba yenye asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha. Pamba ikatoka nyeusi. Jiwe lilikuwa la kijivu lililopakwa rangi ili lifanane na lile jeusi la asili, na rangi ile ingekuja kuisha pale pale mikono inapopita sana, mbele ya sinki na jiko. Nashauri kila anayetaka jiwe jeusi afanye jaribio hili kabla ya kutoa hata senti ya malipo ya awali.

Kwatzi ilistahimili ndimu na bizari vizuri, haikunyonya tone la maji, na rangi yake ni moja bamba zima. Jiwe hili ni chembe za kwatzi iliyosagwa zilizoshikanishwa kwa gundi ya rezini, na hiyo gundi ndiyo udhaifu wake, kwa sababu haipendi moto. Jikoni kwetu sufuria ya ugali huteremshwa mahali popote palipo wazi, na sikutaka kuishi nikimkemea kila mtu kwa ajili ya kaunta.

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililonigusa zaidi. Nilikwenda kwenye karakana moja kuangalia jinsi mawe yanavyokatwa, nikamkuta kijana akikata bamba kwa grainda pasipo maji, kitambaa chepesi kimefungwa puani, na vumbi jeupe limetanda kwenye kope zake kama unga wa sembe. Vumbi lile lina silika, yaani madini yale yale yanayounda kwatzi, na silika ikivutwa kwa muda huacha makovu katika mapafu ambayo hayaponi. Kwatzi ya kiwandani mara nyingi ina silika zaidi ya asilimia 90, kiasi kwamba Australia ilipiga marufuku aina hiyo ya mawe kuanzia Julai 1, 2024, baada ya vijana wengi wakataji kuugua. Graniti nayo ina silika, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi, kwa hiyo sikuondoka pale nikijiona nimetakasika kwa kuichagua. Nilitafuta fundi mwingine anayekata kwa msumeno unaomwagiwa maji, nikamlipa zaidi, na katika makubaliano tuliandika kwamba hakuna kukata kukavu, hata lile tundu dogo la bomba litakalotobolewa nyumbani kwangu. Siku ya kufunga, mwanangu alisimama na dumu akimimina maji taratibu wakati fundi akitoboa.

Mbao za mninga nilizifikiria kwa nusu siku tu, kwani karibu na sinki zingehitaji mafuta na uangalizi ambao sina muda nao. Tarazo naipenda sana, lakini saruji yake nayo huliwa na ndimu.

Tukachagua graniti ya kijivu yenye unene wa milimita 20. Mita moja ya mraba ya unene huo ina uzito wa kilo 54 hivi, ndiyo maana fundi alisisitiza makabati yakaguliwe kwanza kwa pimamaji, kwa kuwa bamba likikaa juu ya kabati lililoinama hupasuka pembeni mwa tundu la sinki, mahali lilipobaki jembamba. Kwa kuwa rangi yake ni nyepesi, tulidondoshea maji na kusubiri dakika 10. Tone likaacha kivuli cheusi, ishara kwamba jiwe linanyonya, hivyo likapakwa dawa ya kuziba vitundu, na tutarudia kuipaka kila tone litakapoanza tena kuacha kivuli. Kiungo pekee tulikiweka kwenye kona, mbali na maji.

Kipande kilichotolewa kwenye tundu la sinki, cha sentimita 40 kwa 50, fundi alitaka kuondoka nacho. Nilimwomba aniachie, kwani nilikuwa nimelipia bamba zima, naye akakisugua kingo bila kinyongo. Kina uzito wa karibu kilo 11, hakisogei hata ukikandamiza kwa nguvu, na ubaridi wake huzuia donge lisinate. Mama husukumia chapati juu yake kila Ijumaa.