Hedseti ya simu ya stoo: hatimaye maikrofoni imekubali

Imekubali! Leo dada anayepokea oda ameongea na mteja wa Ahero huku mkonga wa simu yetu isiyo na waya uko kiunoni, hedseti kichwani, na mikono yote miwili iko kwenye magunia ya mbolea ya DAP anayoyahesabu. Mteja hakusema "sikupati" hata mara moja. Nilikuwa nishaanza kuuchukia mradi huu, kwa hivyo naandika sasa hivi kabla furaha haijapoa.

Shida ilikuwa moja tu: dada akivaa hedseti anasikia, lakini hasikiki. Chomoa hedseti, mkonga uko sawa. Chomeka hedseti kwenye simu ya mkononi, iko sawa. Ziunganishe hizo mbili, kimya. Mkonga wetu una tundu la milimita 2.5, hedseti ina pini ya 3.5, na katikati kuna adapta ya bei rahisi ambayo muuzaji pale mjini Kisumu aliniapia kwamba inafanya na simu yoyote. Kuingia inaingia.

Jibu lilikuja bila kutafutwa. Dada alivua hedseti kabla ya kukata simu, akawa anamwita kijana wa mkokoteni, nami nikiwa upande wa pili wa laini nikamsikia kwa mbali, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Nikamwomba aongee akiwa amekaribisha mdomo kwenye spika ya kushoto. Nikasikia. Ya kulia, hakuna kitu. Kumbe spika ya kushoto ndiyo iliyokuwa maikrofoni! Spika ni koili na sumaku, ukiipigia sauti inazalisha umeme kidogo, na mkonga ulikuwa unaupokea huo huo.

Nikatoa mita ya kupimia umeme. Pini ya hedseti ina sehemu nne: ncha ni spika ya kushoto, pete ya kwanza ni ya kulia, pete ya pili ni ardhi, shina ni maikrofoni. Huo ni mpangilio unaoitwa CTIA. Kuna mwingine unaoitwa OMTP, ambao hubadilishana hizo mbili za mwisho, kwa hivyo pima, usikisie. Ukigusa nyaya za spika na mita ikiwa kwenye omu (kipimo cha ukinzani) unasikia "kr, kr" na inasoma karibu 32. Tundu la mkonga, kwa upande wake, lina sehemu tatu tu: ncha maikrofoni, pete spika, shina ardhi. Sasa adapta inapeleka ncha kwa ncha na pete kwa pete, halafu maikrofoni na ardhi inazibana pamoja kwenye shina. Maikrofoni imeshorti hapo hapo. Ingewezaje kusikika?

Nikaikata pini na kufunga mpya ya 2.5 yenye sehemu tatu: maikrofoni kwenye ncha, spika zote mbili pamoja kwenye pete, ardhi kwenye shina. Kazi ngumu ni zile nyaya zenyewe. Ni nyembamba kama unywele, zimepakwa rangi inayozuia umeme na kusokotwa na uzi. Usizikwangue kwa wembe, zitakatika zote. Weka tone la solda kwenye ncha ya chuma cha kuchomea solda, utumbukize waya ndani yake mpaka rangi iungue na shaba ing'ae. Chuma cha bei ya chini kisichopata joto la kutosha kitakutesa bure. Afadhali uweke pesa hapo kuliko kwenye hedseti.

Kwa anayenunua simu upya: angalia tundu kwanza, kampuni baadaye. Na ndugu akikuletea simu ya ofisi isiyo na waya kutoka Marekani, usiiwashe. Zile za DECT (mfumo wa simu zisizo na waya) za kule hutumia megahezi 1920 hadi 1930, na masafa hayo huku kwetu ni ya simu za mkononi za 3G. Za mpangilio wa Ulaya hukaa 1880 hadi 1900, na mikonga yake haishikani na besi (kile kitako kinachounganishwa na laini) ya Kimarekani hata ukibonyeza mpaka kesho.

Mpango ulikuwa leo nipime kama simu yetu inashika mpaka nyuma ya stoo, kule kwenye ukuta wa mawe, nione kama tunahitaji kiongeza mawimbi. Sijapima. Dada ameniuliza atanyamazishaje maikrofoni akitaka kumwuliza bosi bei bila mteja kusikia, na tangu hapo akili yangu yote iko huko. Swichi ya kukata waya itapiga "tok" sikioni mwa mteja. Ninachotaka ni kapasita ya maikrofaradi 47 iliyofuatana na swichi, kutoka maikrofoni hadi ardhi: sauti inamezwa, volti ya kuilisha maikrofoni inabaki. Rezista ya kilo-omu 100 sambamba na swichi itaiweka kapasita imejaa muda wote, mlio usitokee. Kapasita ninayo, nitaing'oa kwenye redio mbovu. Swichi ndogo ya kutosha kwenye waya ndiyo bado natafuta.