Nilivyochora geji ya mashine ya kukaangia kahawa kwa QPainter

Geji hii inasoma joto la mashine ya kukaangia kahawa hapa Moshi, kuanzia nyuzi joto 0 hadi 250. Nimeichora yote kwa Python na PySide6, yaani Qt (zana za kutengeneza madirisha ya programu) kwa upande wa Python, bila faili la picha hata moja wala kununua chochote. Punje huanza kupasuka zikifika karibu nyuzi 196, na mkaangaji hana muda wa kuisogelea skrini asome tarakimu. Anahitaji sindano inayoonekana toka mbali.

Ushauri unaoniudhi mpaka leo ni ule wa kufungua QPainter, kalamu ya kuchorea ya Qt, ndani ya taima (saa ya programu inayosoma joto kila baada ya muda) na kuchora papo hapo. Qt hairuhusu kuchora juu ya wijeti (kipande cha dirisha, kama geji hii) nje ya paintEvent, funksheni ambayo Qt huiita wijeti inapotakiwa kuchorwa. Utaambulia geji tupu na maonyo ya QPainter::begin yakimiminika kwenye terminali. Taima ihifadhi joto jipya, iite update, yaani iombe wijeti ichorwe upya, basi. Repaint, inayochora papo hapo kila ikiitwa, iache: update hukusanya maombi mengi yakawa uchoraji mmoja, hivyo dirisha halikwami hata kihisi kikitoa namba mfululizo.

Utamu uko kwenye pembe. drawArc, inayochora tao, huhesabu kwa vipande vya 1/16 ya digrii. Sifuri yake iko kulia, penye namba 3 ya saa ya ukutani, na chanya huenda kinyume cha mshale wa saa. rotate, inayozungusha mchoro, hupokea digrii za kawaida, na chanya yake hufuata mshale wa saa! Ukizichanganya, joto linapanda huku sindano ikirudi nyuma. Tao langu linaanzia 3600 na urefu wake ni -4320, yaani digrii 270. Kila nyuzi joto moja inapata digrii 1.08. Sindano nimeichora ikitazama juu, kisha naizungusha kwa -135 + 1.08 × joto. Kwenye nyuzi 200 inatua 81, karibu ilale kulia. Eneo jekundu la 220 hadi 250 nalichora kuanzia mwisho wa tao kurudi nyuma: mwanzo -720, urefu 518. Pembe za drawArc ziwe namba kamili.

Kabla ya yote hayo, hamisha sifuri ya mchoro hadi katikati kwa translate, halafu badilisha kipimo chake kwa scale ya upande mfupi wa dirisha ÷ 200. Nusu kipenyo kinabaki 100 dirisha likiwa la ukubwa wowote. Sindano izungushwe kati ya save (hifadhi hali ya kalamu) na restore (irudishe), vinginevyo maandishi yanayofuata yatainama nayo. Kingo zikiwa na meno, washa Antialiasing, yaani ulainishaji wa kingo, maana haijiwashi yenyewe.

Mistari na namba za pembeni hazibadiliki, kwa hiyo zichore mara moja kwenye QPixmap, picha inayokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ndani ya resizeEvent, inayoitwa dirisha likibadilika ukubwa. Kwenye skrini yenye uwiano wa pikseli 2 (pikseli mbili halisi kwa kila moja ya mchoro, kila upande), zidisha vipimo vya QPixmap hiyo mara 2 na uweke setDevicePixelRatio, ama sivyo namba zitafifia kingo.