Ninavyoisali Baba Yetu Isiishie Mdomoni

Baba Yetu husalika chini ya nusu dakika, na shida inaanzia hapo. Ulimi ukishaizoea huenda wenyewe, mtu akafika "Amina" huku akiwaza simu au ugomvi wa jana. Wapo wanaosema dawa ni kuacha sala za kukariri, kila mtu asali kwa maneno yake. Sikubaliani nao. Maneno ya kujitungia nayo huzoeleka: msikilize anayesali hivyo kila siku, utaijua sentensi inayofuata kabla hajaitamka. Hata Yesu alipowakemea Mafarisayo waliotoa zaka ya mnanaa, bizari na jira huku wakiacha adili, rehema na imani, zaka hakuifuta: "hayo imewapasa kuyafanya, wala yale mengine msiyaache" (Mathayo 23:23).

Basi sala nimeiacha ilivyo, nikabadili mwendo. Naigawa katika maombi saba, kuanzia "Jina lako litukuzwe" hadi "utuokoe na yule mwovu", ombi moja kwa siku. Naisali yote kwa sauti ninayoisikia, ila kwenye ombi la siku nasimama dakika tano hivi na kujiuliza: likijibiwa leo, nitafanya nini tofauti? Mawazo yakitangatanga sianzi upya, maana kuanza upya huigeuza sala kuwa mtihani wa kumaliza bila kosa. Narudi palepale nilipopotea. Wakati mwingine wazo lenyewe lililonivuta lina nafasi yake. Hofu ya pesa, kwa mfano, inaingia kwenye "riziki yetu".

Ombi la tano, la deni ("utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu"), ndilo lenye kazi. Ndilo pekee lililofungwa na tendo letu, na ndilo pekee ambalo Yesu alilirudia mara tu baada ya sala (Mathayo 6:14-15). Kosa la kawaida ni kusamehe kwa jumla, "nawasamehe wote", kwa sababu hapo hakuna kinachotoka mfukoni. Mimi namtaja mtu kwa jina mbele za Mungu, nalitaja na deni lenyewe: alinisema vibaya mbele ya watu, au alichukua changu hakurudisha. Kisha nachagua tendo moja la siku hiyo: kuacha kulisimulia kosa lile, kuitikia salamu yake, au kumwombea heri katika jambo analolihitaji. Kama mkosaji ni mimi, Mathayo 5:23-24 haina mjadala. Natafuta upatanisho kwanza, sadaka inasubiri. Ila kusamehe si kujirudisha mikononi mwa anayeendelea kupiga au kudhulumu. Deni laweza kufutwa na mlango ukabaki umefungwa.

Machozi siyafanyi kipimo, kwani hutegemea hata usingizi wa usiku. Jioni naangalia kama lile tendo limefanyika. Halikufanyika? Kesho nabaki kwenye ombi lilelile.

Utaratibu huu nao unaweza kuwa ibada tupu. Dalili yake ni kuona fahari kwamba wiki imekamilika, au kutamani kuwasimulia wengine. Ikifika hapo nauweka kando kwa muda, nasali nikiwa nimefunga mlango kama Mathayo 6:6 inavyosema.

Kanisani mwendo ni wa wote, sijivuti nyuma wala sipazi sauti kuliko wenzangu. Nachagua ombi langu kabla ibada haijaanza, na hilo moja ndilo nalishika tunapopita.